Ua linaloishi saa chache na siri zinazoonekana kwa hadubini

ASUBUHI, jua linapoanza kupata nguvu, mmea mdogo unaojulikana kitaalamu kama Hibiscus trionum hufunua ua lake. Kufikia alasiri ua hilo huwa limekwisha kujikunja, na halitafunguka tena. Waingereza, kwa kuuona ufupi wa maisha yake, walilipa jina la ua la saa moja.

Katika muda huo mfupi ua lina kazi nyingi za kukamilisha. Linapaswa kuonekana na mdudu anayepita, kumshawishi atue, kumlipa kwa sukari, kumpaka chavua yake na kupokea chavua aliyoibeba kutoka ua jingine. Mmea wenyewe huishi msimu mmoja tu. Usipopata mbegu katika msimu huo, hauna mwaka wa pili wa kujaribu tena.

Kwa macho ya kawaida, ua hilo halionyeshi jinsi linavyozikamilisha kazi hizo. Lina petali tano za rangi ya maziwa zenye doa jeusi la zambarau katikati, nguzo ndogo iliyobeba chavua, na sepali zilizovimba kama kibofu chembamba chenye mistari. Ni pale linapowekwa chini ya hadubini ndipo inapodhihirika kwamba kila sehemu ya uso wake imeumbwa kwa kazi maalumu.

Mmea huo uliingizwa katika orodha ya kisayansi na mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, mwaka 1753. Huota porini katika sehemu nyingi za Afrika, ikiwamo Afrika Mashariki, na pia Asia na kusini mwa Ulaya. Huko Amerika ya Kaskazini, ambako ulifikishwa na binadamu, wakulima wa pamba na soya huuhesabu kuwa gugu. Hata hivyo, gugu hilo ni ndugu wa karibu wa mimea inayofahamika katika kila soko. Bamia, choya na pamba vyote ni vya familia hiyo hiyo ya Malvaceae, pamoja na hibiskasi nyekundu inayopandwa kuzunguka nyumba nyingi za mijini. Kwa sababu hiyo, yanayogunduliwa katika ua la gugu hilo yanasaidia pia kueleza yanayotokea shambani.

Hadubini isiyotumia mwanga

Hadubini ya kawaida hutumia lenzi na mwanga. Uwezo wake una kikomo, kwa kuwa haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kupita kiasi cha nanomita 200 hivi. Nanomita 1,000 ni sawa na mikromita moja, na mikromita 1,000 ni sawa na milimita moja. Kwa kulinganisha, unene wa unywele wa binadamu kwa kawaida ni kati ya mikromita 50 na 100.

Ili kuuona uso wa petali kwa undani zaidi, wataalamu hutumia hadubini ya elektroni. Ile inayochunguza nyuso za vitu ilianza kuuzwa na kampuni ya Cambridge ya Uingereza mwaka 1965. Badala ya mwanga, hupitisha mshale mwembamba wa elektroni juu ya kitu, mstari kwa mstari, na kukusanya elektroni zinazoruka kutoka kwenye uso wake. Kompyuta huzigeuza taarifa hizo kuwa picha.

Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika ndani ya chumba kisicho na hewa, ua bichi haliwezi kuingizwa hivi hivi, kwani maji yake yangetoka kwa ghafla na kulinyausha. Kwa kawaida sehemu za ua hukaushwa kwa uangalifu ili zisipoteze umbo, kisha hupakwa utando mwembamba sana wa dhahabu au metali nyingine inayopitisha umeme. Picha zinazopatikana hazina rangi, kwa kuwa elektroni hazibebi rangi. Lakini zinaonyesha vilima, mabonde na mifereji ambayo hakuna aliyeijua kabla.

Petali zenye vilele na matuta

Sehemu nyeupe ya petali za Hibiscus trionum imefunikwa na seli zenye umbo la pia, zilizosimama moja moja kama mapaa ya nyumba za msonge katika kijiji kilichosongamana. Umbo hilo hupatikana katika petali za mimea mingi ya maua duniani.

Faida yake mojawapo ilithibitishwa mwaka 2009 na watafiti wa Uingereza, akiwamo Beverley Glover wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Walitumia ua la Antirrhinum, ambalo lina aina ya kawaida yenye seli za pia na aina nyingine iliyopoteza umbo hilo kwa hitilafu ya jeni. Nyuki waliotua juu ya uso wenye seli za pia uliosimama wima waliweza kujishikiza kwa kucha zao na kutulia. Wale waliotua juu ya uso laini waliteleza, wakalazimika kuendelea kupiga mabawa huku wakinywa. Kadiri mwinuko ulivyozidi, ndivyo nyuki walivyozidi kuchagua uso usioteleza.

Hali hubadilika ghafla mtu anapofika kwenye doa jeusi la katikati. Pale seli si za pia tena. Ni bapa na ndefu, na juu yake kuna utando wa nta uliojikunja na kufanya matuta yanayokwenda sambamba, mithili ya shamba lililolimwa kwa trekta. Umbali kati ya tuta na tuta ni takriban mikromita moja tu.

Matuta ya ukubwa huo huathiri mwanga. Msomaji anayekumbuka sahani za CD ameshaliona jambo hilo. Upande wa chini wa CD hauna rangi yoyote iliyopakwa, lakini ukiinamishwa kwenye mwanga hutoa rangi za upinde wa mvua. Sababu ni mistari yake, iliyopangwa kwa nafasi ya mikromita 1.6, ambayo huutawanya mwanga na kutenganisha rangi zake. Petali ya Hibiscus trionum hutumia kanuni hiyo hiyo, na rangi nyeusi ya zambarau iliyo chini ya matuta husaidia mng'ao huo uonekane.

Mwaka 2009, kundi la watafiti akiwamo Heather Whitney lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio kuhusu mng'ao huo. Walitengeneza nakala za nyuso zenye mistari kwa kutumia gundi ngumu, zikiwa na mng'ao bila harufu wala umbile lingine la ua. Nyuki walipewa maji ya sukari kwenye nakala zenye mng'ao na maji machungu kwenye zile zisizo nao. Baada ya mafunzo hayo, waliweza kuzitofautisha.

Kulikuwa na swali lililobaki. Chini ya hadubini, matuta ya ua hayakunyooka wala kulingana kama mistari ya CD. Baadhi ni mapana, mengine membamba, mengine yamejipinda. Je, hayo ni makosa ya maumbile? Jibu lilitolewa mwaka 2017 katika jarida la Nature na kundi lililoongozwa na Edwige Moyroud na Beverley Glover. Walionyesha kwamba kutolingana huko ndiko kunakosababisha mwanga wa buluu na wa urujuanimno kutawanyika kwa wingi zaidi kuzunguka petali. Macho ya nyuki huona rangi hizo vizuri sana. Katika majaribio, nyuki waliyapata upesi zaidi maua ya bandia yaliyotoa mwanga huo wa buluu. Wataalamu hao waligundua pia kwamba mimea isiyo na undugu wa karibu imefikia kiwango cha kutolingana kinachofanana, kila mmoja kwa njia yake.

Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulieleza jinsi matuta hayo yanavyotokea. Seli za petali hurefuka huku utando wa juu ukiongezeka, na utando huo hukunjamana kutokana na shinikizo, kama vile utando wa maziwa yaliyochemshwa unavyojikunja unaposukumwa kwa kijiko. Kemia ya utando ndiyo inayoamua iwapo mikunjo itatokea au la.

Mwaka 2024 watafiti wa Cambridge waliongeza kwamba hata ukubwa wa doa lenyewe una uzito. Katika majaribio yao ya maua ya bandia, nyuki walipendelea yale yenye doa kubwa zaidi. Mmea, kwa mujibu wa utafiti huo, huweka mpaka wa doa mapema sana, petali ikiwa bado changa na rangi haijaonekana.

Ifahamike kwamba majaribio hayo yalifanywa kwa nyuki wakubwa wenye manyoya wa jenasi Bombus, ambao ni rahisi kuwafuga maabara huko Ulaya. Nyuki hao hawapo kiasili katika Afrika kusini mwa Sahara, ambako kazi ya kuchavusha hufanywa na nyuki wa asali, nyuki wapweke na wadudu wengine. Hata hivyo, uwezo wa kuona rangi ya buluu na ya urujuanimno ni wa nyuki kwa ujumla.

Vinyweleo vinavyotoa nekta

Baada ya kuvutwa na rangi na kupata mahali pa kushika, mdudu anatafuta malipo. Malipo hayo ni nekta, maji matamu ambayo baadhi ya vitabu huyaita mbochi. Katika mimea mingi nekta hutolewa na tezi iliyo chini ya ovari, kupitia matundu madogo kwenye ngozi ya ua. Familia ya Malvaceae imechukua njia nyingine.

Kwa ndani, chini kabisa ya sepali, kuna eneo dogo linaloonekana kama kipande cha zulia. Chini ya hadubini, zulia hilo ni vinyweleo vingi vilivyosongamana, kila kimoja kikiwa kimejengwa kwa seli kadhaa zilizopandana. Kila kinyweleo ni kiwanda kidogo cha nekta. Ili kuifikia, mdudu hulazimika kupenyeza ulimi wake katika nafasi ndogo zilizoachwa kati ya shina la petali moja na jingine.

Sukari inayotoka hapo haikutengenezwa hapo. Inatoka kwenye majani na kusafirishwa katika mirija ya mmea hadi chini ya zulia. Katika ndugu wa ua hili waliochunguzwa kwa kina, kama Abutilon na hibiskasi ya bustani, imeonekana kwamba seli iliyo karibu na shina la kinyweleo ina kuta za pembeni zilizozibwa kwa dutu isiyopitisha maji. Kwa hiyo kimiminika hakiwezi kupenya kandokando ya seli. Kinalazimika kupita ndani ya seli zenyewe, moja baada ya nyingine, hadi seli ya kileleni inayokitema nje. Kizuizi hicho pia huzuia nekta iliyokwisha kutolewa isirudi nyuma.

Muundo huo una maana kubwa kwa afya ya wadudu. Kwa kuwa malighafi ya nekta ni utomvu unaozunguka katika mmea mzima, dawa ya kuua wadudu inayofyonzwa na mizizi au majani inaweza kusafiri kwa njia hiyo hiyo. Dawa za kundi la neonikotinoidi, ambazo aghalabu hupakwa kwenye mbegu kabla ya kupandwa, zimepatikana katika nekta na chavua ya mimea iliyokua kutokana na mbegu hizo. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya aina tatu za dawa hizo katika mashamba ya wazi, ambazo ni imidaklopridi, klothianidini na thiamethoksamu, kwa sababu ya hatari kwa nyuki.

Chavua yenye miiba

Katikati ya ua kuna nguzo iliyozungukwa na stameni nyingi. Kila stameni hubeba kifuko cha chavua, na kifuko kikipasuka, punje zake huonekana hata bila hadubini, kama chembe za unga. Punje za chavua za hibiskasi ni miongoni mwa zile kubwa katika ulimwengu wa mimea, kwani kipenyo chake huzidi mikromita 100. Chavua ya mimea mingi inayotegemea upepo, kama nyasi na mahindi, ni laini usoni. Ya hibiskasi ni tufe lililojaa miiba, mfano wa shokishoki.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba miiba hiyo ipo ili kuisaidia chavua kunasa katika manyoya ya wadudu. Mwaka 2015 mtaalamu wa Ujerumani, Klaus Lunau, na wenzake walitoa maelezo mengine. Nyuki wa asali na nyuki wa jenasi Bombus hukusanya chavua kwa kuikandamiza katika vikapu vilivyo kwenye miguu yao ya nyuma na kuipeleka kuwalisha wana wao. Chavua inayoingia kikapuni haiufikii tena ua mwingine. Lunau na wenzake waliona kwamba nyuki waliotembelea maua ya familia ya Malvaceae walishindwa kuishindilia chavua hiyo, kwa sababu miiba iliizuia isishikamane. Ilibaki imetapakaa mwilini, tayari kuangukia ua linalofuata.

Kwa maneno mengine, mmea hulipa kwa nekta ili mdudu arudi, na wakati huo huo huilinda chavua yake isiliwe yote. Uhusiano wa ua na nyuki ni wa biashara, na kila upande unalinda mtaji wake.

Stigma inayosubiri

Juu ya nguzo ya chavua kuna matawi matano membamba, kila moja likiwa na kichwa cha mviringo. Hivyo vichwa ndivyo stigma, yaani mahali pa kupokelea chavua. Chini ya hadubini, uso wake umejaa vijinyweleo virefu vilivyosimama wima, na miiba ya punje kubwa za chavua hunasa kati yake. Punje iliyokubaliwa hutoa mrija mwembamba unaoteremka ndani ya tawi hadi kwenye ovari, na hapo ndipo mbegu huanza.

Itakuwaje basi iwapo hakuna mdudu aliyefika? Mvua inaweza kunyesha asubuhi nzima, au wadudu wakawa wachache. Watafiti nchini Australia walieleza mwaka 1977 kwamba matawi hayo matano yana uwezo wa kujipinda. Ua linapofunguka, huwa yamesimama, yakiwa mbali na chavua ya ua lenyewe. Saa zikipita bila kupata chavua, huanza kujikunja kuelekea chini, mpaka stigma ziguse vifuko vya chavua vya ua hilo hilo. Lakini stigma zikishapata chavua, mwendo huo husimama.

Hivyo ua hutoa nafasi ya kwanza kwa chavua ya mbali, ambayo huleta mchanganyiko mpya wa jeni, na hujichavusha lenyewe pale tu inapobidi. Ndiyo maana gugu hili limeweza kuenea katika mabara mengi. Hata mmea mmoja ulioota peke yake unaweza kuacha mbegu.

Funzo kwa mashamba ya bamia na pamba

Si mimea yote yenye akiba ya namna hiyo. Ripoti ya jopo la kimataifa la bayoanuwai, IPBES, iliyotolewa mwaka 2016, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wachavushaji angalau kwa kiasi fulani, na kwamba karibu asilimia 90 ya mimea ya maua ya porini huwategemea wanyama kwa uchavushaji.

Bamia na pamba zinaweza kujichavusha, lakini tafiti nyingi zimeonyesha kwamba ziara za nyuki huongeza idadi ya mbegu na mavuno. Maua yake, kama yale ya ndugu yao wa porini, hufunguka kwa siku moja tu. Mkulima anayepuliza dawa asubuhi, maua yakiwa wazi, hulenga saa zile zile ambazo wadudu wako kazini. Ndiyo sababu wataalamu wa kilimo hushauri kupuliza jioni, maua yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi mizingani. Ushauri huo, hata hivyo, hausaidii kwa dawa iliyopakwa kwenye mbegu, kwa sababu hiyo huwa tayari imo ndani ya utomvu, na huenda ikafika kwenye nekta saa yoyote ua litakapofunguka.

Mkazi wa mjini asiye na shamba anaweza kujionea sehemu ya mambo haya bila maabara. Ua la hibiskasi lililo kwenye uzio, likichunguzwa kwa lenzi ya kukuzia, huonyesha punje za chavua zenye miiba. Petali zake zikiondolewa taratibu, zulia la nekta huonekana chini ya sepali kama alama ndogo zinazong'aa kwa unyevu. Matuta ya mikromita moja hayawezi kuonekana kwa lenzi hiyo, na hayo yanabaki kazi ya hadubini ya elektroni. Lakini nyuki anayetua asubuhi hahitaji chombo chochote, kwa maana uso ule uliumbwa kwa ajili ya macho, kucha na ulimi wake.